Ubongo wako si diski ngumu (na mimi nilimponza mtu kwa kudhani ni hivyo)

Haya wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Kazi zilinielemea, na pia kuna jambo lilikuwa limenikaa rohoni na sikujua niliandike vipi. Leo naliandika. Wale mnaokuja hapa kutafuta mambo ya hifadhidata mnivumilie, tarakilishi zimo humu ndani, lakini mada ni kichwa cha binadamu. Na hasa upuuzi tunaousema sisi waandishi wa programu tunapokizungumzia.

Mnajua tunavyosema. Mtu akisahau jina, diski imejaa. Akichelewa kujibu, bado anapakia. Mzee akianza kusimulia mambo ya ujana wake tunasema anafungua mafaili ya zamani. Nilipokuwa chuoni, mhadhiri mmoja alituchorea ubaoni kichakataji, kumbukumbu ya muda na diski, kisha akachora kichwa cha mtu pembeni akasema, "Hata nyinyi mmeundwa hivi hivi." Tukacheka, tukanakili mchoro. Nikaubeba mchoro huo miaka mingi bila kuuliza swali hata moja.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo hapa Nairobi. Tulikuwa watengenezaji programu sita tu, na mfumo wetu mkubwa ulipokea malipo ya simu ya wateja na kuyaingiza katika hesabu zao. Alhamisi moja usiku mtu aliingiza mabadiliko kwenye seva ya kazi bila kuyajaribu. Malipo yakaanza kuandikwa mara mbili. Yaani umelipa shilingi 500, hesabu yako inaonyesha 1,000. Tuligundua Jumatatu. Kusawazisha hesabu hizo kulituchukua siku na usiku, na mteja aliyetupa kazi alikuwa moto.

Wiki mbili baadaye tukaitwa kikao. Mkuu wetu akauliza, "Nani alimwona huyu kijana akiingiza yale mabadiliko Alhamisi?" Lishike swali hilo jinsi lilivyo, nitalirudia. Kijana alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya kazi juzi juzi, ana mkataba wa miezi 6. Mimi nikainua mkono. Nikasema nilimwona. Na sikuwa nasema uongo, haki ya Mungu. Picha nilikuwa nayo kichwani: kijana ameketi karibu na dirisha, sweta ya buluu, kikombe cha chai ya rangi kando ya kibodi, na kwenye kioo chake kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Ningeapa mahakamani. Kijana akasema hakumbuki kufanya hivyo. Alipobanwa zaidi akasema labda. Mkataba wake haukuongezwa.

Kwa nini hakuna aliyeangalia logi, yaani daftari ambamo seva hujiandikia kila ilichofanya? Kwa sababu tulizipanga zijifute kila baada ya siku 7 kuokoa nafasi. Miezi mitano baadaye nikapewa kazi ya kuhamisha vitu kutoka kwenye mashine kuukuu, na kumbe mtu aliyeacha kazi zamani alikuwa ameandika kijiprogramu cha kunakili logi zote huko kila usiku. Nikaitafuta ile Alhamisi, kwa udadisi tu. Amri iliingizwa saa mbili na dakika 14 usiku, kwa akaunti yangu, kutoka tarakilishi yangu. Kijana alikuwa amejitoa kwenye mfumo tangu saa kumi na moja jioni. Nilitafuta kila njia ya kujinasua. Labda mtu alitumia nenosiri langu? Lakini kulikuwa na maelezo mafupi yaliyoandikwa pamoja na mabadiliko yale, kwamba ni marekebisho ya "harka" na yatajaribiwa kesho. Harka. Kwenye neno hilo huwa naruka herufi moja tangu nijue kuchapa.

Ilinibidi niulize: ile picha ya sweta ya buluu ilitoka wapi? Nikaanza kusoma. Nimesoma karibu mwaka mzima, na nilichokipata kinaufuta ule mchoro wa ubaoni.

Anza na mgonjwa ambaye vitabu vilimwita H.M. kwa miaka mingi. Jina lake, lililotangazwa alipofariki mwaka 2008, ni Henry Molaison, Mmarekani. Alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27 (umri wangu huu huu karibu), daktari William Scoville alimfanyia upasuaji huko Hartford, akatoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza kushika tukio jipya. Unazungumza naye, unatoka nje kidogo, unarudi, anakusalimu kama mgeni. Mambo ya utotoni aliyakumbuka. Akili yake ya kufikiri ilikuwa sawa. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota akitazama mkono wake kupitia kioo tu, jambo gumu kweli, jaribu uone. Siku baada ya siku Molaison akawa hodari zaidi, huku akiamini kila siku kwamba hajawahi kuiona kazi hiyo.

Sasa niambie hiyo ni diski gani. Hakuna sehemu moja iitwayo ghala. Mkono una njia yake ya kujifunza, tukio la jana lina njia nyingine. Hipokampasi yenyewe si ghala la kudumu, maana ingekuwa hivyo mambo ya utotoni yangeondoka nayo. Inafanana zaidi na faharasa, inayounganisha vipande vilivyotawanyika: sura kule, sauti huku, harufu pengine, hofu kwenye amigdala.

Na vipande vyenyewe vimeandikwaje? Hapa nilimpenda sana Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Yeye hakuchagua binadamu wala nyani, alichagua konokono wa baharini, kwa sababu neva zake ni chache na kubwa (mwandishi wa programu yeyote ataelewa: ukitaka kumkamata mdudu, punguza kwanza mfumo). Ukimshtua konokono huyo mara moja, maungio kati ya neva zake, yaani sinapsi, huimarika kwa muda mfupi kwa kemikali zilizokuwapo tayari. Ukimshtua mara nyingi kwa vipindi, jeni huamshwa, protini mpya hutengenezwa, na maungio mapya huota. Kumbukumbu ya kudumu ni mwili uliobadilika umbo, basi. Hakuna faili iliyolala mahali. Ubongo wako una neva bilioni 86 hivi, na kile unachokiita "harusi ya dada yangu" ni namna baadhi yake zilivyoshikana.

Kitu kilichonitoa jasho ni utafiti wa mwaka 2000 wa Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux huko New York. Walifundisha panya kuogopa mlio fulani kwa kuwapa shoti ya umeme pamoja nao. Siku iliyofuata waliwasikilizisha mlio tena, na mara moja wakaweka ndani ya amigdala dawa inayozuia kutengenezwa kwa protini. Walipopimwa baadaye, panya hawakuuogopa mlio kama awali. Panya waliopewa dawa ileile bila kusikilizishwa mlio waliendelea kuogopa. Umeona? Kumbukumbu iliyoachwa imelala ilikuwa salama. Iliyoamshwa ilikuwa laini tena, ikihitaji kuandikwa upya. Si kila kumbukumbu hufunguka hivi kila inapoguswa, za zamani na zenye nguvu hustahimili zaidi, na wanasayansi bado wanabishana juu ya mipaka yake kwa binadamu. Lakini msingi wake unatosha kuwaamsha watu wa fani yetu: kusoma kunaweza kuwa kuandika.

Nasi tuliwahi kuwa na mashine za hivyo! Tarakilishi za miaka ya 1950 hadi 1970 zilitumia vijipete vya sumaku kama kumbukumbu, na kukisoma kijipete kulikifuta, ikabidi mashine iandike tena papo hapo kile ilichosoma. Hata kumbukumbu ya muda iliyo ndani ya simu yako leo husomwa kwa kufutwa na kurudishiwa. Tofauti ni kwamba saketi hurudisha kilekile. Ubongo hurudisha alichokuwa nacho mwenyewe wakati huo, pamoja na swali aliloulizwa.

Swali! Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa kwa kitenzi kikali, kwamba magari "yalipobamizana", wengine kwa kitenzi cha pole, kwamba "yalipogusana". Filamu ni zilezile. Waliosikia neno kali walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, waliosikia la pole maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, wanafunzi waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema ndiyo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida, kwamba magari "yaligongana", walisema ndiyo 7. Na katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja.

Rudi sasa kwenye kikao chetu. "Nani alimwona huyu kijana akiingiza yale mabadiliko?" Mkuu hakuuliza nani aliyaingiza. Jibu lilikuwa limeshalazwa ndani ya swali, na sisi tulichoombwa ni kulithibitisha. Kichwa changu kikafanya kazi kwa bidii, kikatafuta vipande vinavyofaa. Sweta alikuwa nayo kweli, alikuwa akiivaa mara nyingi. Chai ya rangi alikuwa akinywa kila siku. Kidirisha cheusi sote tunacho kwenye vioo vyetu kutwa. Hakuna kipande kilichokuwa cha uongo. Kilichokuwa cha uongo ni tarehe, na tarehe haina rangi wala harufu, ndiyo maana ni rahisi kuibandika.

Na kila niliposimulia kisa hicho chakula cha mchana (nilikisimulia, najua) kilizidi kung'aa.

Kuna watakaosema, wewe una kichwa kibovu, mimi nikiona kitu nimekiona. Ngoja. Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka. Kesho yake Ulric Neisser aliwapa wanafunzi karatasi waandike walisikia habari hizo wapi, kwa nani, walikuwa wakifanya nini. Miaka miwili na nusu hivi baadaye, yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena wanafunzi 44 kati yao. Kumi na mmoja hawakupata hata jambo moja kuu sawa na walivyoandika wenyewe. Na walikuwa na uhakika! Walipoonyeshwa karatasi zao, kwa mwandiko wao, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Walibaki na ile mpya.

Hapa ndipo maoni yangu yalipo, na najua si kila mtu atakubali. Tatizo si kwamba tunasahau. Kusahau tunakujua, tuna methali zake na tuna visingizio vyake. Tatizo ni ile hisia ya uhakika. Tunaipokea kama risiti, kana kwamba ubongo hauwezi kukuletea picha safi isipokuwa ya kitu kilichotokea. Mfano wa diski ndio unaotulea katika kosa hili, kwa sababu faili kwenye diski ama ipo ama haipo, na ikiharibika programu inakataa kuifungua. Kichwa hakitoi ujumbe wa kosa kamwe. Kikikosa kipande kinakiziba, halafu kinakuletea kitu kizima na muhuri juu.

Si kwamba kimeundwa vibaya. Mwaka 2007 Demis Hassabis na wenzake huko London (ndiyo, huyu huyu baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa DeepMind) walionyesha kwamba wagonjwa wenye hipokampasi iliyoharibika, ambao hawakumbuki matukio, hushindwa pia kuwazia jambo jipya, kwa mfano wajione wako ufukweni. Mtambo wa jana na mtambo wa kesho ni mmoja. Kwa kuishi, mtambo wa aina hiyo ni bora kuliko diski. Kwa kutoa ushahidi, ni hatari.

Na watu hufungwa kwa mtambo huu. Ronald Cotton, wa North Carolina, alihukumiwa mwaka 1985 kwa ubakaji kwa sababu mhasiriwa, Jennifer Thompson, alimtambua. Mama huyo hakuwa mwongo, alijitahidi kushika sura ya mtu yule ili aweze kumtambua. Alimchagua Cotton kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambuzi, na kila mara uso wa Cotton ukazidi kukaa mahali pa uso wa mhalifu. Mhalifu wa kweli alipoletwa mbele yake mahakamani mwaka 1987, alisema hajawahi kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vilimtoa Cotton jela.

Kwetu majaji walilishuku jambo hili zamani. Mwaka uleule wa 1953 aliopasuliwa Molaison, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, ilionya kwamba ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, hasa mazingira yakiwa magumu. Kesi ya Roria ya mwaka 1967 ikaurudia wasiwasi huo, na mawakili wa Kenya wanazitaja zote mbili hadi leo. Hawakuwa na habari za panya wala protini. Sisi tunazo, na ofisini bado tunaendesha vikao kama baraza la mashahidi wa mdomo.

Nilimtafuta yule kijana. Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kupiga simu. Siku hizi yuko Eldoret, anatengeneza tovuti za maduka. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Bosi, lakini mimi nilifanya. Nakumbuka nikiingiza ile amri."

Nilidhani ananifariji. Nikamtumia ukurasa ule wa logi. Akanipigia kesho yake, akasema ameusoma na anaona saa, anaona akaunti, anakubali. Lakini bado anajiona ameketi pale akibonyeza. Miezi yote ile alikuwa akirudia tukio hilo kichwani usiku, akijilaumu, akijiuliza alikosea wapi, na kila alipolirudia lilizidi kuwa lake. Niliyempa kumbukumbu hiyo ni mimi, mbele ya watu, kwa sauti ya uhakika.

Mambo ninayofanya siku hizi ni madogo. Mfumo ukianguka, kila mtu huandika anachokijua peke yake kabla hatujazungumza, siku hiyo hiyo, hata kama ni mistari mitatu kwenye simu. Tukizungumza kwanza tunakuwa tumeshaandikiana vichwani. Hatuulizi "fulani alifanya nini", tunauliza "ilitokea nini saa ngapi". Logi zinakaa siku 90, na nafasi ya diski nimegombana nayo mpaka ikapatikana. Mtu akisema "nina uhakika" naandika kwamba amesema ana uhakika, basi, siandiki kwamba ilitokea. Pia hatufanyi vikao vya lawama baada ya kukesha usiku kucha, kwa sababu usingizi ndio wakati ubongo unapopanga mambo ya mchana. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliona neva za hipokampasi ya panya aliyelala zikirudia mpangilio wa safari zake za mchana. Mtu asiyelala hajahifadhi vizuri, na wewe unamwita shahidi.

Nimemwandikia mkuu wetu wa zamani, nikaambatisha logi, nikamwomba ampe kijana barua inayosema kosa halikuwa lake, aitumie anapotafuta kazi. Alinijibu kwamba mambo hayo ni ya zamani na kwamba, anavyokumbuka yeye, hakuna aliyemlaumu kijana, mkataba ulikwisha tu. Labda kweli ndivyo anavyokumbuka. Nimemwandikia tena, safari hii na nakala ya muhtasari wa kikao, ambao kwa bahati katibu aliuandika tukiwa bado mezani. Bado nangoja. Barua ya kwangu mwenyewe, yenye jina langu na saa mbili na dakika 14, kijana nimeshamtumia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili.